Mke Mwenza Nyuma ya Mtungi

Kabla sijajua kusoma saa, nilijua saa mbili asubuhi kwa kucha za Mkomazi. Alitoka nyuma ya mtungi, akavuka ua wa saruji kuelekea mlango wa jiko, na kila kucha iliyogusa chini ilikuwa na mlio wake: ko, ko, ko, halafu kimya, halafu ko. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake akichambua mchicha, naye alisema bila kuinua uso, "Mke mwenza huyo kaamka. Mpe vikonyo vyake asije akanikanyaga."

Mkomazi alikuwa kobe. Kobe wa nchi kavu, nasema, maana kwetu Tanga mtu akichanganya kobe na kasa huonekana mgeni. Gamba lake lilikuwa la rangi ya mchanga, limetapakaa mabaka meusi kama ngozi ya chui, na upande wa nyuma lilikuwa na kovu la ufa, refu kama kidole changu cha kati. Nyumba yetu ilikuwa Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zenye namba badala ya majina: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma, na uani mlimao, banda la jiko, choo na mtungi. Mtungi ulivuja kidogo sana, tone moja moja. Babu hakuuziba makusudi, kwa sababu kobe alipenda kulala palipo na unyevu.

Babu alikuwa nyapara wa genge la reli. Njia yenyewe ni ile Wajerumani waliyoanza kuitandaza kutoka Tanga mwaka 1893, na kipande cha Babu kilikuwa kule juu, kati ya Mkomazi na Hedaru, nchi kavu ya michongoma na vumbi jekundu. Kule, alituambia, kobe akiingia kati ya vyuma viwili vya reli hatoki. Chuma kwake ni ukuta. Atatembea katikati, akiufuata ukuta, akitafuta mlango, mpaka jua la saa sita limpike ndani ya gamba lake mwenyewe. Kwa hiyo asubuhi genge likienda kazini na toroli, wakimkuta kobe Babu alishuka, akamtoa, akamweka upande ule aliokuwa akielekea. Upande ule hasa. Ukimrudisha alikotoka, alisema, ukitia mgongo tu naye anageuka, anarudi relini kwa safari yake.

Huyu wetu alimkuta mwaka 1954, mwaka aliozaliwa mama yangu, akiwa tayari mkubwa kama kichwa cha mtu na gamba limepasuka nyuma. Akampeleka kwenye kambi ya genge apone kwanza. Akapona, akakaa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na shirika lake la reli likagawanywa, Babu akastaafu, akateremka Tanga na sanduku la bati, kandili ya reli, na gunia. Bibi alilifungua gunia akidhani ni mchele.

"Nimengoja mume astaafu," alikuwa akiwahadithia wageni, "kaniletea mke wa pili. Tena wa bara."

Siku hizi ningesema Babu alivunja sheria, na kweli. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kufuga mnyamapori nyumbani bila kibali, na kobe hawa wamo. Wakati ule barabara nzima hakuna aliyeliwaza. Na hata bila sheria, kobe wa porini aachwe porini. Naliandika hili kwa sababu nampenda yule mnyama hadi leo na sitaki mtu asome habari zake akaenda kumtafuta wake.

Tulimlisha vibaya pia. Tulimpa ugali uliolala, mkate uliochovywa kwenye chai, maganda ya papai. Kobe wa mabaka ni mla nyasi. Nyasi kavu, nyasi mbichi, maua, mpungate, na huko porini hata mfupa mkavu huutafuna apate chokaa. Chakula chetu laini kilimfanya mdomo wake, ambao ni mgumu kama wa kasuku, ukue bila kusagika, ukainama mbele kama kulabu. Kitu kimoja tulichofanya sawasawa tulikifanya bila kujua: Babu alikuwa akiokota mifupa ya ngisi ufukweni Raskazone, ile myeupe myepesi kama kipande cha sabuni iliyokauka, akamrushia uani. Mkomazi aliiguguna usiku. Ukiamka kwenda chooni ulisikia kama mtu anasugua ukuta kwa msasa.

Babu alifariki mwaka 1988. Bibi alikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi ndani ya chumba cha kwanza kulia, na katika muda wote huo kobe alihudumiwa nami. Siku alipotoka eda alioga, akavaa, akaja uani, akasimama mbele ya mtungi, mikono kiunoni.

"Haya," akamwambia kobe. "Tumebaki mimi na wewe."

Sikumbuki kama alisema kwa upole. Nadhani hapana.

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa Juni, kusi inavuma, kipupwe kimeingia, na asubuhi moja ile ko, ko, ko haikuja. Badala yake nikasikia mkwaruzo, krrr, kama mtu anavuta debe tupu. Nilitoka nikamkuta Mkomazi katikati ya ua. Kobe wa aina hii hutembea juu juu, tumbo limeinuka mbali na ardhi kama bibi harusi anayeogopa kulowesha gauni. Sasa tumbo lilikuwa chini. Miguu ilisukuma, gamba likaburuzika, akapumzika, akasukuma tena. Alifika mlangoni mwa jiko saa tatu na nusu. Bibi alimwekea vikonyo. Akavitazama.

Watoto wa jirani walisema kobe akiinama anatunga sheria. Siku ya nne ya kutokula hawakusema tena.

Mjomba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye majahazi ya Pemba na Unguja, akashauri apelekwe kisiwa cha Changuu. "Wako wenzake wengi kule, na watu wa kuwatunza." Bibi akamuuliza wale wametoka wapi. Mjomba, ambaye hakujua kunyamaza, akaeleza kwamba wale ni kobe wakubwa wa Shelisheli, waliletwa kama zawadi mwaka 1919. "Basi si wenzake," Bibi akasema. "Huyu ni wa Mkomazi. Unataka kumpeleka mgonjwa akafie kwa Waingereza?" Mjomba akasema Waingereza wameshaondoka. Bibi akasema ndiyo hivyo.

Jirani yetu, mama mmoja mnene mcheshi aliyekuwa akimwulizia "mke mwenza hajambo?" kila asubuhi juu ya ukuta, alishauri amalizwe tu, kwa shoka, mara moja. Hapo Bibi alikumbusha habari ya mwanamke wa paka. Kila mtoto wa chuoni anaijua: mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, akaadhibiwa kwa ajili yake. "Sisi huyu tumemfungia tangu sijapata mjukuu," Bibi akasema. "Hajui tena kujitafutia. Kwa hiyo maswali yake nitaulizwa mimi, si wewe."

Nimefikiri sana kuhusu jibu lile. Mimi nilikuwa nampenda Mkomazi, nililia usiku, nilimbusu gamba. Bibi hakumpenda. Alikuwa anamuogopa Mungu, na alikuwa na hesabu ya miaka kumi na minne aliyomtukana mnyama asiyejibu. Na katika miezi miwili iliyofuata mimi niliyempenda ndiye niliyemuumiza.

Kwanza akaitwa bwana mifugo. Alikuja na baiskeli, kijana mwembamba mwenye mkoba wa ngozi unaonuka dawa ya kuogeshea ng'ombe, akatuambia mapema kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe na mbuzi, kobe alisomea darasani nusu saa. Lakini alichuchumaa, akamtazama kwa muda mrefu kuliko daktari yeyote aliyewahi kunitazama mimi. Akavuta ngozi ya mguu wa mbele, ikabaki imesimama kama mkono wa shati lisilo na mtu. Akaonyesha macho yaliyozama. "Maji hana," akasema. Kisha akamwinamisha polepole ubavu ili aone tumbo na mkia.

"Nani kasema ni dume?"

Hakuna aliyesema. Tulikuwa tunamwita Bwana Mkomazi tu, tangu Babu.

"Dume tumbo lake huingia ndani kidogo, na mkia ni mrefu. Huyu tumbo bapa, mkia kama kifungo. Jike huyu."

Kulikuwa na kimya. Halafu jirani juu ya ukuta akapiga kigelegele, na Bibi akajiziba uso kwa kanga mabega yakitikisika. "Nilisema!" akasema alipoweza kusema. "Tangu siku ya gunia nilisema!" Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu msiba, na mgonjwa alikuwa bado mikononi mwa bwana mifugo, amerudisha kichwa ndani.

Yule kijana alitoa tupa ndogo ya kusawazishia kwato, akakinoa kile kidomo mpaka kulabu ikaisha; vumbi lake lilianguka jeupe kwenye goti la suruali yake. Akatupa maagizo matatu ambayo Bibi aliyashika kama aya. Maji kwanza, joto pili, chakula mwisho. Kobe akiwa baridi chakula hakisagiki, akasema, kinaozea tumboni. Bibi akamwuliza sindano ya kumpumzisha, kama wanavyofanyiwa mbwa. Kijana akakuna kichwa. Dawa anayo, ila kipimo cha kobe hakijui, na damu ya mnyama huyu inakwenda taratibu. "Naweza kumwacha katikati, mama. Hapo si hai, si maiti." Kuhusu shoka ndiyo kabisa alikataa. Baadaye sana nilikuja kuambiwa na daktari wa wanyama kwamba alikuwa sahihi kuliko alivyojua: kichwa cha kobe kikikatwa ubongo hauzimiki mara moja, huweza kuvumilia kukosa hewa kwa muda ambao mtu asingependa kuufikiria.

"Basi tutamngoja," Bibi akasema.

Saa mbili kila siku, palepale palipokuwa na mlio wa kucha, ikawa saa ya kuoga. Beseni la bluu, maji vuguvugu, ambayo Bibi aliyapima kwa kiwiko kama ya kichanga. Maji yalifika pale gamba la juu linapokutana na la chini, yasipite. Siku ya kwanza hakufanya lolote. Siku ya pili akateremsha kichwa, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, akaingiza mdomo majini, na koo likaanza kupanda na kushuka. Alikunywa muda mrefu. Kisha akatoa mkojo wake ule wa kobe, mzito mweupe kama chokaa ya ukuta, na Bibi akamwaga maji akaanza upya bila kusema neno. Mimi nilitazama pembeni. Yeye alichutama akautazama ule uji mweupe, akaugusa kwa kijiti kuona kama una mchanga mchanga, kwa sababu kijana alimwambia aangalie.

Baada ya maji, jua. Ukuta wa magharibi ulipata jua la asubuhi, na Bibi alimhamisha pale kwa saa moja, nusu ya mwili kwenye mwanga na kichwa kivulini. Halafu chakula: nyasi changa nilizokwenda kuzikata uwanjani, zikasagwa kwenye kinu kidogo na ua la boga, akipewa kwa kijiko cha chai. Alikula siku moja, siku tatu hakula, akala tena.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Jonathan, yule kobe wa kisiwa cha St Helena aliyefikishwa huko mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima. Uzeeni amepofuka, pua haimnusishi chakula tena, na daktari wa mifugo wa kisiwa, Joe Hollins, akaanzisha desturi ya kumlisha kwa mkono mara moja kwa wiki, matunda na mboga, amevaa glovu nene. Mdomo uliokuwa butu ukarudi kuwa mkali. Nilisoma nikaangalia mikono yangu. Bibi hakuwa na glovu. Mkomazi alimng'ata kidole cha shahada mara mbili, si kwa hasira, ni kwa kutoona, na Bibi alisema kila mara, "Ng'ata, mke mwenza, ng'ata. Una haki."

Usiku kulikuwa na baridi, baridi ya Tanga ambayo mtu wa Lushoto angeicheka, lakini kwa kobe anayekufa inatosha. Alilala jikoni ndani ya gunia la mkonge lililojaa nyasi kavu, na chini ya gunia tuliweka tofali lililopashwa moto kwenye jiko la mkaa na kuviringishwa kwenye kanga kuukuu, mara tatu. Kazi ya tofali nilipewa mimi.

Usiku mmoja mwishoni mwa Julai nilikuwa na usingizi. Nikaviringisha mara moja, nikalala. Alfajiri Bibi alipokwenda kuchukua maji ya udhu akasikia harufu ya kwato iliyochomwa. Mkomazi hakuwa amesogea. Joto linalotoka chini kobe halitambui vizuri, na hata angelitambua hakuwa na nguvu ya kulikimbia. Kwenye tumbo, karibu na mguu wa kulia, palikuwa na doa la ukubwa wa sarafu, jeupe, ambalo siku mbili baadaye lilibanduka kama gome la mti.

Sikuchapwa. Bibi alipaka asali, akafunika kwa kitambaa safi, kisha akaniita.

"Angekuwa paka angepiga kelele tukaamka. Huyu hana kelele. Kwa hiyo, bwana'ngu, kuanzia leo tofali utaliweka tumboni mwako kwanza. Uhesabu mpaka mia. Ukiweza, mpe."

Alikuwa akiniita hivyo siku zote, bwana'ngu, kama mabibi wote wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Siku ile sikusikia utani. Usiku huo na kila usiku nililala chali kwenye sakafu ya jiko na tofali kwenye kitovu, nikihesabu kwa sauti, na Bibi upande wa pili wa mlango akisikiliza kama naruka namba.

Agosti katikati alikataa chakula siku tisa mfululizo. Alikuwa anaoga, anakunywa kidogo, lakini kijiko kikimkaribia alifumba macho na kugeuza shingo, mgeuko mdogo tu, wa adabu. Siku ya kumi nilikuta kinu kimeoshwa na kuinamishwa ukutani.

"Leo hatusagi?"

"Hatusagi. Hizi siku tatu tumekuwa tukijilisha sisi."

Maji na jua havikukatwa. Mtu mmoja akaja mlangoni, amesikia kuna kobe mzee nyumba hii, akataka kujua kama gamba litauzwa "wakati ukifika." Bibi alimkaribisha, akamketisha ukumbini, akamletea maji ya kunywa, akamwambia aondoke.

Ilikuwa Jumanne tulipomtoa beseni na shingo ikabaki imening'inia. Bibi alichukua unyoya wa kuku, akaugusa kwenye pembe ya jicho. Akavuta mguu kidogo, akauachia. Akanitazama.

"Amekufa," nikasema.

"Hujui. Hata mimi sijui."

Akamlaza juani na kichwa kivulini kama kawaida. Jioni akamrudisha kwenye gunia. Nilimwuliza kama niweke tofali. Akasema weka. Nikalala chali, nikahesabu mpaka mia, nikaviringisha mara tatu, nikampa. Jumatano tukafanya vivyo hivyo, na saa tano asubuhi nilidhani nimeona mguu wa nyuma wa kushoto ukijivuta, upana wa punje ya mchele. Bibi alikaa mbele ya mguu ule mpaka adhana ya adhuhuri ikamwinua. Moyo wa kobe hauna haraka ya kuafikiana na ubongo. Unaweza kuendelea kupiga muda mrefu baada ya mengine yote kuzima. Bibi hakuwa na kifaa cha kuusikiliza. Alichokuwa nacho ni kigoda. Alhamisi nzi walianza kutua kwenye macho, naye aliwapunga kwa upepeo. Ijumaa asubuhi ilikuja harufu, hafifu, tamu kidogo, na Bibi akasimama akasema nimletee jembe.

Alipima mwenyewe kwa shibiri, gamba kwanza kisha ardhi, chini ya mlimao, na tukachimba kwenda chini zaidi ya goti langu kwa ajili ya mbwa na kwa ajili ya yule mtu wa magamba. Mjomba akauliza kama aelekezwe kibla. Bibi akamwambia aelekezwe Mkomazi. Mjomba akatazama jua, akapiga hesabu, akamgeuza kidogo kuelekea kaskazini magharibi.

Alasiri mlango ukabishwa. Alikuwa jirani, mara hii amezunguka barabarani badala ya kuchungulia juu ya ukuta, amejitanda kanga kichwani kama mtu aendaye msibani, na mkononi ana nusu kilo ya sukari kwenye karatasi ya gazeti. Akasimama kizingitini akijaribu kutocheka.

"Nimesikia mke mwenza ametutoka."

Bibi alimtazama, akatazama sukari. Akaipokea kwa mikono miwili, akamkaribisha uani, akaniambia nibandike chai, niweke na tangawizi.